Habari za Noti Zilizoharibika na Jinsi Benki Zinavyozipokea



Msimu unakaribia, na kila mwenye shamba anatazama mikarafuu yake na kuhesabu kichwani. Muda si mrefu fedha taslimu zitapita mikononi mwetu kwa wingi: malipo ya karafuu kituoni, ujira wa wachumaji, nauli, bei ya majamvi na magunia. Kwa hivyo tumeona vema kueleza jambo ambalo limeulizwa ofisini mara nyingi, nalo ni hili: noti ikichanika, ikiungua, ikiliwa na mchwa, au ikiwa imeungwa kwa selotepu, je, bado ni fedha? Na benki huifanyaje?

Sababu ya kuandika sasa ni habari ya wanachama wetu watatu waliosafiri kwenda bara kununua mbuzi kwa ajili ya Idd. Walivuka kwa chombo hadi Tanga, wakapanda basi mpaka Korogwe, na kutoka Korogwe wakaenda Handeni kwenye mnada. (Walikwenda kununua, si kuuza. Twalisema hili mapema ili msomaji asije akafikiri mengine.) Walikuwa wamemtangulizia mfanyabiashara mmoja fedha za mbuzi 30, lakini walipofika walikuta mbuzi 22 tu. Yule bwana hakuwadhulumu; aliwarudishia fedha za mbuzi wanane palepale, na wao wakazihesabu mara mbili na kuridhika. Walihesabu noti, walakini hawakuzitazama. Jioni mjini Korogwe utingo wa basi alikataa noti ya kwanza, akakataa na ya pili. Ndipo walipozimwaga zote mezani katika mkahawa, wakaona noti 17 zina kasoro: 9 za shilingi 10,000 na 8 za shilingi 5,000. Jumla yake ni shilingi 130,000, yaani zaidi ya bei ya mbuzi mmoja.

Stendi palikuwa na kijana aliyejitolea kuwasaidia. Alitaka kuzinunua zote kwa nusu ya thamani, naye akasema benki hawazichukui kabisa. Tunawapongeza wenzetu kwa kuwa hawakumsikiliza. Walilala Korogwe, na asubuhi wakaingia benki moja pale mjini. Karani alizipokea, akazipanga mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa noti 11, akazibadilisha papo hapo: shilingi 85,000. Fungu la pili lilikuwa noti 4, za shilingi 30,000, ambazo alisema hana mamlaka ya kuzikatia shauri. Akawajazisha fomu, akawapa stakabadhi, noti zikapelekwa Benki Kuu. Fungu la tatu, noti 2 za shilingi 15,000, alizikataa. Mafungu haya matatu ndiyo tutakayoyaeleza, kwa kuwa yana maana yake.

Kwanza yafaa kujua kuwa noti si mali ya benki inayokupa. Benki za biashara, iwe NMB, CRDB, NBC au PBZ yetu, hazichapi fedha. Anayetoa noti katika Jamhuri ya Muungano ni Benki Kuu ya Tanzania peke yake, nayo ilifungua milango yake mwezi wa Juni 1966, gavana wake wa kwanza akiwa Bwana Edwin Mtei. Kabla ya hapo noti zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, na sisi wa visiwani tuliingia katika bodi hiyo mwaka 1936, tulipoacha rupia. Basi karani wa Korogwe anapopokea noti mbovu, hupokea kwa ajili ya Benki Kuu. Akikosea na kubadilisha noti isiyostahili, Benki Kuu haitamlipa, na hasara itakuwa ya benki yake. Ndiyo maana huigeuza noti hivi na hivi hata mwenye noti akadhani anadharauliwa.

Jambo la pili huwashangaza wengi. Sheria ya Benki Kuu haimpi mtu haki ya kudai thamani ya noti iliyopotea, iliyoibiwa au iliyoharibika. Malipo ya noti iliyoharibika hutolewa kwa masharti na kwa hiari ya Benki Kuu yenyewe. Hili si la kwetu tu. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza zina maneno ya namna hiyo. Wala si kwamba Benki Kuu inapenda kunyima watu. Maana yake ni kwamba mwenye noti ndiye anayetakiwa kuonyesha kuwa noti yake ni halali na kwamba sehemu iliyopotea haitadaiwa na mtu mwingine.

Sasa fungu la kwanza. Noti iliyochakaa tu, iliyolegea kama kitambaa, yenye doa la mafuta au kukunjika, au iliyochanika kidogo pembeni lakini iko nzima, hiyo ni fedha kamili na haipunguzwi hata senti. Benki huipokea, humpa mwenye nayo nyingine, na ile mbovu haitoi tena kwa wateja. Huitenga na wenzake, huzifunga mia mia, na kuzirudisha Benki Kuu. Huko huhesabiwa tena kwa mashine, zile zisizofaa kurudi mtaani hukatwakatwa vipande vidogo sana, na mpya huingia mahali pake. Mwanachama anayedhani kuwa noti mbovu ikipokelewa benki humrudia kesho yake kwa mlango mwingine, aondoe shaka.

Noti huchakaa upesi kuliko tunavyofikiri, na ile ndogo huchakaa mbele ya ile kubwa kwa sababu hupita mikono mingi zaidi. Noti ya shilingi 500 ilikuwa ikizunguka sokoni mpaka ikageuka rangi, ndiyo sababu Benki Kuu ilitoa sarafu ya shilingi 500 mwaka 2014. Karatasi ya noti si karatasi ya daftari. Hutengenezwa kwa nyuzi za pamba, kwa hivyo ikilowa haiyeyuki, na aliyeisahau mfukoni mwa kanzu ikaingia katika beseni la kufulia huikuta bado iko. Lakini sabuni na kusugua huondoa wino, na pasi ya moto huharibu zaidi. Ikilowa, ianikwe kivulini, basi.

Fungu la pili ndilo lenye maneno. Hapa zimo noti zilizopungukiwa na sehemu: zilizoungua, zilizoliwa na wadudu, zilizokatika kipande kikapotea, na zile ambazo vipande vyake viko lakini vimeachana. Swali la benki ni hili: nitajuaje kuwa kipande kilichobaki hakitaletwa na mtu mwingine kwenye dirisha jingine?

Kwa ajili hiyo nchi nyingi zimeshika kanuni ya nusu. Benki Kuu ya Uingereza hutaka angalau nusu ya noti. Nchi za Ulaya zinazotumia yuro hulipa kama zaidi ya nusu ipo. Ikiwa imebaki nusu au pungufu, mwenye noti athibitishe kuwa sehemu nyingine imeteketea. Marekani nako ni zaidi ya nusu, na kwa sehemu ndogo kuliko hiyo ni lazima kuthibitisha vivyo hivyo. India hupima kwa kina zaidi: kwa noti za rupia 50 na kuendelea, likibaki eneo zaidi ya asilimia 80 hulipwa thamani yote, likiwa kati ya 40 na 80 hulipwa nusu, na chini ya 40 hailipwi kitu. Australia, ambako noti ni za plastiki, mtu aliyebaki na sehemu hulipwa kadiri ya sehemu aliyo nayo. Hesabu inayofichika katika kanuni hizi ni nyepesi. Kama zaidi ya nusu ndiyo inayolipwa, noti moja haiwezi kulipwa mara mbili, kwa kuwa hakuna kitu chenye nusu kubwa mbili.

Kwetu, kipimo cha mwisho ni jicho la Benki Kuu yenyewe baada ya kuichunguza noti. Hutazamwa ukubwa wa sehemu iliyobaki, namba, alama ya maji yenye sura ya Mwalimu Nyerere inayoonekana noti ikielekezwa kwenye mwanga, na uzi wa usalama uliopita ndani ya karatasi. Kwa hivyo mwenye kuleta noti iliyoungua alete kila kilichobaki, hata vumbi lake, wala asijaribu kuisafisha. Zile noti 4 za wenzetu zilikuwa zimeliwa pembe, inaelekea na panya, na mbili kati yake zilikuwa zimepoteza namba ya upande mmoja. Karani hakuwa na haki ya kusema ndiyo, na hakutaka kusema hapana. Kuzipeleka mbele lilikuwa jambo la haki.

Fungu la tatu, zile noti 2 zilizokataliwa, zote zilikuwa zimeungwa kwa selotepu, safi kabisa, kiasi kwamba wenzetu waliziona ndizo nzuri kuliko zote. Karani aliwaonyesha kidole chake juu ya namba. Noti ina namba yake imechapwa mahali pawili, na katika noti halali namba hizo ni moja. Katika zile mbili, ya kushoto ilikuwa nyingine na ya kulia nyingine. Maana yake upande mmoja ulitoka katika noti hii na upande wa pili katika noti ile.

Mtu atauliza: kuna ubaya gani, maadam vipande vyote ni vya noti halali? Ubaya uko katika vile vilivyobaki. Wapo wajanja ambao huchukua noti kadhaa nzima, hukata kila moja ukanda mwembamba mahali tofauti, na kwa kuunganisha vipande hupata noti moja zaidi ya walizoanza nazo. Kila noti inakuwa fupi kidogo tu, na selotepu inafunika pengo. Hila hii ni ya zamani katika nchi nyingi, na benki zote duniani zinaijua. Hasara yake humwangukia yule wa mwisho kushika noti, naye aghalabu ni mkulima au mama muuza samaki, si yule aliyeshika mkasi.

Basi selotepu yenyewe si kosa. Noti iliyokatika vipande viwili, vyote viwili vikiwapo na namba zikilingana, ni noti, na kumi na moja za wenzetu zilikuwamo kadhaa za namna hiyo. Lakini selotepu huleta shida tatu. Huongeza unene, mashine ya kuhesabu ikadhani ni noti mbili zilizoshikana, na mashine ya kutolea fedha ikazitema. Gundi yake hutoka pembeni kwa joto letu hili, ikashika noti za jirani. Na la tatu, huficha mahali pa mkato, ambapo ndipo karani anapotaka kutazama. Kwa hivyo ushauri wetu ni kinyume cha desturi: noti ikikatika, usiiunge. Weka vipande vyote katika bahasha moja, uvipeleke benki kama vilivyo. Stepla usiiguse kabisa, na gamu ya skuli ni mbaya kuliko selotepu.

Kuna ajabu moja katika historia ya jambo hili. Huko Uingereza zamani, barua zilipokuwa zikiporwa njiani, wafanyabiashara walikuwa wakikata noti kwa makusudi katikati, wakatuma nusu ya kwanza kwa posta, na wakipata habari kuwa imefika wakatuma ya pili. Mwizi aliyepata nusu moja hakuwa na kitu. Aliyepokea zote mbili aliziunganisha, namba zikalingana, akalipwa. Kumbe noti iliyokatwa ilikuwa salama kuliko nzima! Leo asithubutu mtu kufanya hivyo. Zipo njia nyepesi zaidi za kutuma fedha, na simu imo mfukoni mwa kila mmoja.

Na kwa kuwa tumetaja Korogwe na Handeni, yafaa tukumbuke kuwa nchi ile iliwahi kuonja karatasi mbovu kuliko hizi. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na rupia zikapita humo pamoja na mkonge na vibarua. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, manowari za Kiingereza zilifunga pwani, na fedha za chuma na noti kutoka Ujerumani hazikufika tena. Serikali ya Kijerumani ikachapa noti za muda humu humu nchini, Dar es Salaam na baadaye Tabora, kwa karatasi ya aina yoyote iliyopatikana. Huko Tabora mwaka 1916 zilipigwa hata sarafu za shaba kutokana na maganda ya mizinga. Noti za mwisho kabisa, za mwaka 1917, zilipigwa kwa vyombo vidogo vya kuchapia mithili ya vya kuchezea watoto. Majeshi ya Jenerali Smuts yalipoingia Korogwe na Handeni mwezi wa Juni 1916, noti zile zilikuwa mikononi mwa watu, na thamani yake ikaondoka pamoja na utawala uliozitoa. Mwenye noti nzima isiyo na hata mkunjo alikuwa sawa na mwenye kipande.

Jambo hilo halikwisha na Wajerumani. Mwaka jana na juzi wapo wanachama waliokuja ofisini na noti za zamani, safi, zilizotoka katika masanduku ya wazee waliofariki. Benki Kuu ilitangaza kuziondoa noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa kutoka tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025, na baada ya hapo si fedha halali tena. Kwa hivyo yule mwenye sanduku lisilofunguliwa miaka mingi, asiangalie mchwa tu; aangalie na toleo.

Kuhusu mchwa wenyewe, tusiseme kwamba ni balaa la maskini peke yake. Mwaka 2011 katika tawi la benki moja huko Barabanki, Uttar Pradesh, nchini India, mchwa waliingia chumba cha kuhifadhia na kutafuna noti za kiasi cha rupia milioni 10. Iwapo wanaweza kuingia chumba cha benki, kopo lililofukiwa chini ya mkarafuu halitawashinda. Tunalisema hili kwa sababu mwaka uliopita bibi mmoja, mwanachama wetu wa miaka mingi, alifukua kopo lenye fedha za msimu mzima. Za juu zilikuwa nzima, za katikati zimetobolewa, za chini zimekuwa udongo. Alipona sehemu kubwa, lakini si yote, na angepona zaidi kama watoto wasingezimwaga juani na kutupa vile vipande vidogo wakidhani ni takataka.

Zilizolowa nazo zina taratibu yake. Mwezi wa Julai 2021 mafuriko makubwa yalipiga magharibi ya Ujerumani, na benki kuu ya huko ikapokea noti zenye matope za thamani ya zaidi ya yuro milioni 50. Iliwahimiza watu wazilete mapema, kwa kuwa noti zilizolowa pamoja huganda na kuwa ngumu kama saruji zikiachwa. Basi bunda likilowa kwa bahari au mvua, likiweza kuachanishwa taratibu liachanishwe. Lisipoweza, lisivutwe kwa nguvu, lipelekwe kama lilivyo.

Noti bandia si habari ya leo, illa tuseme neno moja. Benki ikiona noti ni bandia, hairudishi wala hailipi, hata kama umeipata kwa njia ya halali. Usiende nayo kwingine kujaribu bahati, maana hapo utakuwa umejiingiza katika kesi. Na noti zilizomwagikiwa wino mwingi wa rangi moja huulizwa sana, kwa sababu katika nchi nyingi masanduku ya fedha hutiwa wino unaopasuka yakiibiwa. Doa la mafuta ya karafuu halimtishi mtu.

Ofisi za Benki Kuu ziko Dodoma, Dar es Salaam, Unguja, Arusha, Mwanza, Mbeya na Mtwara. Aliye Handeni au Korogwe aanze na benki ya biashara iliyo karibu naye, na aliye Pemba vivyo hivyo. Adai stakabadhi kwa kila noti inayopelekwa mbele, iandikwe thamani na namba, au sehemu ya namba inayosomeka. Wenzetu watatu walifanya hivyo, na stakabadhi zao ziko ofisini kwetu.

Kabla ya msimu kuanza, Kamati imekubali kumtuma mjumbe Unguja na noti zilizoharibika za wanachama, ili kila mtu asipoteze nauli kwa noti mbili tatu. Anayetaka zake ziende alete katika bahasha iliyoandikwa jina lake na tawi lake, vipande vyote vikiwamo, bila selotepu, bila gamu, bila kuoshwa. Zitahesabiwa mbele yake na mbele ya mweka hazina, zitaandikwa katika daftari, naye atapewa karatasi yenye mhuri wa chama. Noti zenye namba mbili zisizolingana hatutazichukua. Mlango wa ofisi uko wazi kila siku ya kazi kutoka saa mbili asubuhi hadi saa nane, ila Ijumaa tunafunga saa tano na nusu.

Katibu wa Chama